Bahari ni ile ile, wanangu ndio si wale wa mwaka jana

Leso_Tatu
Jumapili, saa 4:40 usiku

Salaam aleikum wenzangu.

Leo tulikwenda vunja jungu, ile karamu ya kuikaribisha Ramadhani, na nimerudi na sufuria ya pilau haijafika hata nusu. Kwa watu wangu hilo halijapata kutokea. Mume kalala, vyombo nishaosha, nimeketi ukumbini na mchanga bado miguuni, nikasema niandike hapa kabla sijalia.

Nina watatu. Binti wa miaka 15, mvulana wa 13, na kitinda mimba wa 7. Twakaa Bombolulu hapa Mombasa, kwa hivyo Pirates, ufuo wa umma wa Bamburi, kwetu ni matatu moja tu. Tangu mkubwa akiwa na miaka miwili, Jumapili moja kila mwezi ni ya baharini. Mwazijua safari hizo: Jumamosi usiku nakata vitunguu, alfajiri pilau iko motoni, chupa ya chai, jamvi, leso tatu, na tyubu la lori ambalo babao alilipata kwa fundi wa magurudumu akalitia viraka mwenyewe. Tukifika wanatoka mbio na champali zao miguuni. Kazi yangu kutwa nzima ilikuwa kuhesabu vichwa majini. Mmoja, wawili, watatu. Mmoja, wawili, watatu. Na kulalamika kwamba sijapata kunywa chai ya baharini ikiwa moto.

Leo chai nimeinywa moto. Vikombe viwili.

Binti alishasema tangu Ijumaa kuwa atabaki nyumbani asome. Babake akakataa. Basi kaja, kaketi kwenye jamvi na dera lake jeusi na mtandio, bahari kaipa mgongo. Wallahi mgongo! Anatazama simu na ukuta wa choo cha umma. Wa kati, dakika tano tu baada ya kufika, kapotea na wenzake, nikamwona tena saa kumi na moja akija kuomba shilingi mia. Mdogo kabaki na ndoo yake, hana wa kuchimba naye, na kufika saa tisa maji yamejaa, mchanga wake wote umeliwa. Kalia mpaka kalala. Nikasema niingie nami nimshikie tyubu, binti yangu akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, utalowa. Watu wanaona."

Miaka yote hiyo nimelowa mbele ya watu na hakuna aliyeona.

Huyu mkubwa yuko Gredi 9. Januari huenda akaenda bweni. Nyinyi wenye watoto waliokwisha vuka umri huu, mlifanyaje? Nilazimishe, au niache safari hizi zife kifo chake?

Baba_Changamwe
Jumapili, saa 5:15 usiku

Karibu chamani, mamangu. Wangu ni 17 na 14.

Mimi nililazimisha mwaka mzima. Nilichopata ni watu wawili walionuna kiti cha nyuma kutoka Changamwe mpaka Bamburi, na foleni ya Nyali Bridge juu yake. Siku moja nikageuza gari Kongowea tukarudi nyumbani, hakuna aliyeuliza kwa nini.

Siku hizi twatenganisha safari. Wao na binamu zao wapanda matatu, sisi twafuata baadaye na vyakula. Huko kila kundi na mnazi wake. Sharti ni moja: saa nane waja kula, wote, simu mfukoni. Na waja! Njaa haina ujana.

Jambo jingine. Tangu njia ya Dongo Kundu ifunguliwe, sisi wa huku twafika Diani bila kungoja feri. Mara ya kwanza tulipokwenda, yule wa 17 alicheza mpira na mimi mchangani saa nzima. Saa nzima! Nikajiuliza kimembadilisha nini. Baadaye nikaelewa: Diani hakuna anayemjua. Pirates kila hatua kumi kuna mtu wa darasani kwake.

Kiboko_ya_Zamani
Jumatatu, saa 1:05 asubuhi

Tatizo si bahari. Tatizo ni nyinyi wazazi wa siku hizi mnaomba ruhusa kwa watoto. Sisi babetu akisema twaenda, twaenda. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Simu ingekusanywa mlangoni kungekuwa na uzi huu?

Ukutani_Mama_Ngina
Jumatatu, saa 2:30 asubuhi

Kaka Kiboko, taratibu. Sisi wa zamani tulikwenda na wazazi, kweli. Halafu tukiwa na miaka kumi na nne tukawa twatoroka madrasa tukajirusha kutoka kwenye mawe pale Mama Ngina. Mamangu aliaga dunia akiamini sijui kuogelea.

Na ndio maana nataka kumwambia dada Leso jambo, na hili si la mzaha. Umesema wa kati alipotea tangu kufika mpaka saa kumi na moja. Mimi huyo ndiye angeninyima usingizi, si huyo aliyeipa bahari mgongo. Mtoto wa miaka mitano ana macho manne juu yake. Wa kumi na tatu tunasema "huyo anajua kuogelea" tukageukia chai. Anajua, ndio, lakini yuko na wenzake sita na kila mmoja ataka kwenda mbali kuliko mwenziwe.

Pale Mama Ngina mbele yako ni mlango wa Kilindini, meli kubwa zapita hapo. Maji ni marefu na mkondo wavuta. Bamburi kuna mwamba nje unaovunja mawimbi, kwa hivyo ndani pametulia, lakini maji yakianza kutoka yanatoka kwa nguvu kwenye milango ya mwamba, na kijana aliyelala kwenye tyubu hashughuliki kutazama. Anashtuka watu wa ufukweni wamekuwa wadogo kama siafu.

Tulikuwa saba tukijirusha. Leo tuko sita. Sitasema zaidi.

Leso_Tatu
Jumatatu, saa 3:10 asubuhi

Inna lillahi. Kaka, nimekusoma mara tatu. Kweli kabisa, nilikuwa nikimlilia huyu aliye mbele yangu, na yule mwingine sikujua hata yuko upande gani wa bahari. Nimemuuliza asubuhi hii. Ati walikwenda "pale mbele kidogo." Mbele kidogo wapi? "Pale tu."

Bara_Halisi
Jumatatu, saa 6:20 mchana

Nawasoma kutoka Nairobi. Sisi hushuka na treni mara moja kwa mwaka, Desemba, na matineja wangu ndio wa kwanza kufunga begi. Hawatoki majini mpaka vidole vikunjamane. Nadhani kwenu bahari ni kama uwanja wa shule. Wangu wakiambiwa waende sokoni na mama yao, hapo ndipo utaona mgongo!

Nahodha_Mstaafu
Jumatatu, saa 3:45 usiku

Mwanangu Leso, mimi ni babu wa wajukuu kumi na mmoja. Nimezeekea majini, na katika uzi wote huu nangojea mtu mmoja ataje saa za maji. Watu wote wataja simu.

Umesema mlifika saa ngapi? Saa saba nadhani, baada ya adhuhuri. Na saa tisa mchanga ukaliwa. Sasa nisikilize.

Ramadhani huingia kwa mwezi mwandamo. Vunja jungu ni siku mbili tatu kabla yake. Yaani kila mwaka mwaenda baharini bamvua ikiwa yaingia, wakati maji yapanda juu kabisa na kushuka chini kabisa. Idd nayo ni mwezi mwandamo tena, kwa hivyo ni bamvua tena. Haijalishi Ramadhani imeangukia kaskazi au kusi. Mwezi hauji bila maji yake.

Hapa kwetu bamvua ina saa zake wala hazibadiliki sana: maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hutoka karibu saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku husogea mbele, baina ya nusu saa na saa. Baada ya wiki moja hivi yamegeuka: ni maji mafu, asubuhi saa nne yamejaa na saa kumi jioni yametoka, lakini hayapandi sana wala hayashuki sana. Mwezi ukifika kumi na tano, bamvua nyingine. Hesabu hii babangu hakuiandika popote, nami naitumia mpaka leo.

Sasa mtoto mdogo anataka maji yaliyotoka. Anataka vidimbwi, kaa wa kukimbizana naye, mchanga mbichi unaoshika umbo. Mtoto huyo mpeleke bamvua saa nne asubuhi, atakuwa na uwanja mpaka karibu na mwamba. Mvike viatu, kwa sababu ya wale weusi wenye miiba. Na vya baharini asibebe kwenye ndoo, sehemu hiyo ni hifadhi tangu 1986.

Barobaro hataki mchanga. Mchanga atafanyia nini? Anataka maji ya kifuani ajirushe. Huyo saa yake ni maji kujaa.

Wewe ulipowapeleka wakiwa wote wadogo, saa moja iliwatosha wote. Sasa una watoto wa maji kupwa na wa maji kujaa katika sufuria moja, na wawapeleka wote saa saba. Hakuna aliyepata bahari yake.

Na Agosti wakija likizo usitegemee sana. Kusi huleta mwani ukajaa ufuoni, na watoto wa kike hawapendi mwani miguuni. Sijui kwa nini, ni majani tu.

Baba_Changamwe
Jumatatu, saa 4:00 usiku

Mzee wangu, miaka kumi na saba nimepeleka watoto baharini kwa kutazama saa ya kwaya na saa ya mechi. Bahari yenyewe sikuwahi kuiuliza saa.

Mama_Pacha_Likoni
Jumatatu, saa 4:25 usiku

Mzee Nahodha, Mungu akuweke. Nimenakili kwenye daftari la jikoni.

Na wale wasemao kuwa mwani ni majani tu, waje wautoe kwenye nywele za pacha wangu. Masaa mawili.

Mwari_wa_Kibokoni
Jumanne, saa 5:50 usiku

Mama Leso, shikamoo. Mimi si mzazi, nina miaka 19, huwa nasoma tu humu. Lakini hii ya bahari kuipa mgongo imenigusa, kwa sababu mimi nilifanya hivyo kuanzia miaka kumi na tatu mpaka kumi na saba.

Wote mwasema simu. Simu ni kitu cha kushika tu, mama. Mtu akiwa na simu haulizwi kwa nini haogelei.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa kwangu. Nilikuwa naogelea kuliko kaka zangu. Halafu mwaka mmoja nikaingia majini na dera kama kawaida, na nilipotoka likanigandia mwilini. Mwaka uliotangulia lilikuwa likiganda vile vile lakini hapakuwa na cha kugandia. Kutoka majini mpaka kwenye jamvi ni hatua thelathini hivi. Nilizitembea hatua hizo nikivuta dera mbele kwa mkono mmoja na nyuma kwa mwingine, na wavulana wa madrasa yetu wamekaa palepale penye mnazi. Mamangu naye, kwa mapenzi yake, akaniita jina langu lote, na la babangu, kwa sauti ya kusikika mpaka Shanzu, "njoo ule!"

Sikuingia tena. Na hakuna aliyeniuliza. Walisema nimekuwa na maringo.

Wangu kaka walikuwa wanavua fulana tu wanaingia. Hakuna aliyewaangalia. Hilo nalo liliniuma, sikuweza kulisema.

Nilirudi majini nikiwa na miaka 17, tulipokwenda na kina dada wa mtaani bwawani, saa za wanawake peke yao. Nililia humo ndani, maji yakanisitiri.

Sisemi binti yako ni kama mimi. Nasema muulize. Lakini usimuulize jamvini mbele ya watu, wala usimuulize babake akiwepo.

Na ombi moja la mwisho: msimfanye yaya wa mdogo. Kila mtu atakwambia "mwambie dada amfundishe kuogelea." Akipenda atamfundisha. Akiambiwa ni kazi.

Leso_Tatu
Jumanne, saa 6:30 usiku

Mwanangu, nimekusoma nimeketi kitandani na taa imezimwa. Sina jibu. Asante.

Mama_Pacha_Likoni
Jumatano, saa 1:40 asubuhi

Ya huyu mtoto yamenikaa. Kwa upande wa nguo, kuna zile za kuogelea za stara, suruali na joho fupi la kitambaa kile kisichonywa maji. Mjini zauzwa. Ghali kidogo, lakini pacha wangu nimewashonea kwa fundi wetu, tulipata kitambaa tukampelekea picha. Ya kwanza aliishona kama sare ya mpira, tukacheka wiki nzima. Ya pili ikakaa. Dera la pamba majini si nguo ya kuogelea, tusidanganyane, lanywa maji likawa zito kama tanga. Hata kwa usalama halifai.

Na mimi nilichukua leso mbili, mmoja akitoka majini namfuata mpaka maji ya magotini namfunika hapo hapo. Hatua thelathini hizo huzitembei peke yako.

Kiboko_ya_Zamani
Jumatano, saa 2:15 asubuhi

Basi asiende baharini kabisa, stara ndiyo hiyo. Kuna ulazima gani?

Mama_Pacha_Likoni
Jumatano, saa 2:22 asubuhi

Kaka, wewe unapanda feri? Mimi napanda kila siku na wanangu wawili wa kike. Siku ikiwa mbaya nataka wawe wanajua kuogelea. Ulazima ndio huo.

Mihogo_na_Ndimu
Jumatano, saa 11:10 jioni

Nami niongeze mojawapo rahisi. Kuna wakati hawa wakubwa hawataki majini, wanataka kuwa nje tu na sisi bila kuonekana wako na sisi. Hapo Mama Ngina ndiyo dawa. Tangu patengenezwe upya 2019 kuna mahali pa kutembea pa kutosha. Tunakwenda baada ya alasiri, nanunua mihogo ya kuchoma, pilipili na ndimu, dafu moja moja, crisps za mihogo kwa mfuko. Sisi wazee twakaa kwenye ukuta, wao wazunguka chini ya mibuyu wakipigana picha. Hawaogelei, hawalowi, na kila nusu saa mmoja anarudi kwangu kwa ajili ya mihogo. Kila akirudi ananiambia neno moja. Kwa jioni nzima napata maneno kama manane, ambayo nyumbani siyapati kwa wiki.

Pilau yako naiheshimu dada, lakini sufuria kubwa yamfunga mtu mahali pamoja. Mihogo yatembea.

Ukutani_Mama_Ngina
Jumatano, saa 12:40 jioni

Mihogo kweli. Ila wasishuke kwenye mawe.

Leso_Tatu
Alhamisi, saa 2:00 usiku

Mwezi umeandama. Ramadhan karim kwenu nyote. Uzi huu usife, nitarudi Idd inshallah.

Leso_Tatu
Idd mosi, saa 5:20 usiku

Idd mubarak. Nimerudi kuwaambia yaliyopita, na kesho ndiyo safari yenyewe.

Niliuliza. Ilinichukua siku tisa kupata mahali pa kuulizia. Ilikuwa kumi la kwanza, tunakunja sambusa jikoni, mimi na yeye peke yetu. Mikono ikiwa na unga na macho yako kwenye manda, mtu husema. Nikamwambia, "Kuna jambo baharini limekuudhi, nami sikuliona. Nambie." Akakunja sambusa tatu kimya. Akasema, "Kwani hukumbuki ile picha?"

Sikukumbuka. Akanikumbusha.

Idd ya mwaka jana nilimpiga picha akitoka majini anacheka, dera limemganda. Nikaona mashallah binti yangu kapendeza, nikaituma kwenye kundi letu la ukoo la WhatsApp. Watu sitini na nne. Ami yake mmoja akaandika, "Shemeji, tuanze kupokea posa?" Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, nimekwenda kutazama, niliweka vicheko vitatu. Binamu wa kiume akaionyesha shuleni kwao. Binti yangu alitaniwa nayo muhula mzima. Mwaka mzima kanyamaza, ananiona nikinyoosha simu kila tukifika Pirates, anageuka.

Kwa hivyo haikuwa bahari aliyoipa mgongo. Ni mimi na simu yangu.

Nimeifuta picha kwangu. Kwenye simu sitini na tatu za wengine sina uwezo. Ami yake nimempigia, kwanza akasema ulikuwa utani tu shemeji, mwisho akaomba samahani, na nimempa binti simu aisikie mwenyewe.

Nguo fundi kashona, asante Mama Pacha. Wa kati tumekubaliana mpaka wa kuogelea: mnazi ule wa kushoto na maboya, asipite. Kaninunia siku mbili. Nanune.

Mzee Nahodha, kesho nimehesabu hivi: kujaa saa kumi na moja alfajiri, kupwa saa tano, kujaa tena saa kumi na moja jioni. Nimepata?

Nahodha_Mstaafu
Idd mosi, saa 5:50 usiku

Umepata, mwanangu. Ondokeni mara baada ya sala ya alfajiri, msingoje chai. Maji yatakuwa bado hayajaanza kukimbia, na huu ni mwisho wa kaskazi, upepo asubuhi haujaamka. Nendeni Shanzu. Pirates siku ya Idd pili hata samaki hawana nafasi.

Mwari_wa_Kibokoni
Idd mosi, saa 6:05 usiku

Idd mubarak mama. Mpe salamu zangu, ingawa hanijui.

Leso_Tatu
Siku iliyofuata Idd pili, saa 3:30 asubuhi

Haya, habari ya jana.

Alfajiri tulikwenda mimi na binti peke yetu, matatu ya Mtwapa ilikuwa na watu wanne. Tukapita ile njia nyembamba baina ya kuta mpaka ufuoni. Hapakuwa na mtu ila mzee mmoja akitazama wavu wake mbali huko. Maji yamejaa, yametulia kama mafuta ya nazi kwenye sinia. Jua lilikuwa halijatoka. Yeye akaingia na nguo yake mpya, nikabaki nimesimama na leso mkononi kama alivyosema Mama Pacha. Akaogelea mpaka mbali, nikaanza kuhesabu: mmoja. Mmoja. Mmoja.

Akaniita, "Mama, ingia."

Nikamwambia nitalowa. Akacheka akasema, "Hakuna anayeona."

Miaka sita sikuwa nimeingia zaidi ya magoti. Niliingia na dera langu zima, na kweli ni zito kama tanga. Jua likatoka tuko ndani. Tulizungumza mengi, si ya kuandika hapa. Amenifundisha kulala juu ya maji, jambo ambalo mimi nilimfundisha yeye akiwa na miaka minne na nikalisahau.

Saa tano tukahamia Pirates, na wote wengine wakaja huko na babao. Mdogo alipata uwanja wake, na nilimwalika mtoto wa jirani wa miaka 8 awe wa kuchimba naye. Walikimbiza kaa wawili masaa mawili, kaa wakashinda. Binti alilala kwenye jamvi kajifunika leso uso mzima, hakuombwa kufanya kitu.

Wa kati hakuwa malaika. Tulisema saa tisa aje ajionyeshe, akaja saa kumi, babake akamfokea mbele ya wenzake, nami nikamfokea babake pembeni. Lakini mpaka hakuvuka, nilimwona kwa macho yangu, na alikuja na vijana watano wenye njaa. Pilau ilikwisha. Mpaka ukoko waliukwangua, nikaona haya kwa kuwa sikuleta zaidi.

Baba_Changamwe
Siku hiyo hiyo, saa 3:48 asubuhi

Allah! Nimefurahi kana kwamba ni wangu. Sasa tuwekee picha, mamangu. Hata ya jua tu likitoka pale Shanzu.

Leso_Tatu
Siku hiyo hiyo, saa 3:55 asubuhi

Sina. Simu ilikuwa nyumbani kwenye chaji.